Mwongozo kamili: kusimamia wafanyikazi wa gesti Lamu bila kuoneana muhali

Nimeamua niandike hii kitu kwa urefu manake kila wiki kuna mtu ananipigia simu, mara mwenye gesti, mara mwenye hoteli ndogo ya chakula, mara mwenye boti mbili tatu, na swali ni lile lile, kuna mfanyikazi anaharibu kazi na sijui nimwambieje. Mimi nimesimamia nyumba za wageni hapa Lamu mjini na Shela miaka mingi sasa, msimu ukiwa juu tunakuwa watu 14, ukishuka tunabaki tisa. Nitakayoyasema nimeyafanya kwa mikono yangu na mengine nimeyakosea kwanza ndio nikajua.

Shida kubwa ya kwetu inaitwa muhali, yaani kuona haya kumwambia mtu ukweli manake mnajuana. Mji mdogo, huyu mtoto wa jirani, yule mamake alikuja kupika kwenye harusi ya dadako, yule mwingine mlisoma chuo kimoja cha Kuruani. Basi akikosea unanyamaza, akirudia unanyamaza, unaenda kulitoa kwa mtu mwingine barazani, alafu siku moja mgeni anaondoka na hasira wewe unalipuka mbele ya watu na kumfukuza kijana kwa kosa ambalo ukihesabu vizuri ni la kumi, na yeye hajawahi kuambiwa hata la kwanza. Hapo umemdhulumu, na ulidhani unamhurumia. Kila hatua hapa chini ni ya kutoa muhali kwenye kazi na kuacha heshima ibaki.

Hatua ya 1: Eleza kazi mpaka mtu aione

Ukimwambia mtu "safisha vizuri" hujamwambia kitu. Vizuri yako si vizuri yake. Kwa wanaofanya rumu mimi nimebandika karatasi moja nyuma ya mlango wa stoo, maneno makubwa: daka (kibaraza cha mlangoni) na kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) vimefagiliwa kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Shuka zinabadilishwa kila siku ya tatu au mgeni akitoka. Neti inaangaliwa matundu kwa kuishika juu kwa mwanga. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinafutwa vumbi kila siku (hizi nyumba za mawe zinamwaga chokaa, ukiruka siku moja inaonekana). Chupa mbili za maji ya kunywa, tangi la juu limeangaliwa, rumu iko tayari kabla ya saa nane mchana. Sasa hapo hata mimi nikija kukagua hatubishani, tunasoma karatasi.

Fanya ivo kwa kila kazi, mpishi, mlinzi wa usiku, nahodha, dada wa kufua. Mistari sita saba inatosha. Na uiandike pamoja na anayeifanya, manake yeye anajua vitu wewe hujui. Mlinzi ndiye aliyeniambia taa ya ngazi ikizimwa saa sita usiku mgeni anayeshuka kuteka maji anajikwaa, miaka yote mimi nilikuwa nahesabu tu bili ya stima.

Mkataba je? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe kwa maandishi. Na wale tunaowaita vibarua, ukimshika mtu mfululizo siku zake zikajumlika zikafika mwezi, kifungu cha 37 kinamtoa kwenye ukibarua, anahesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi na haki zake. Watu wengi hapa wana "kibarua" wa miaka minne. Andika mkataba, ueleze kwa Kiswahili, mpe nakala yake.

Kitu kingine ambacho naona kinaharibu kazi sana huku ni mabosi wawili. Mwenye nyumba yuko Ulaya anamtumia mpishi ujumbe wa sauti usiku, mimi nimeshampangia mpishi huyo huyo jambo lingine, asubuhi mtu amesimama jikoni hajui amtii nani. Ongea na mwenye nyumba, mwambie waziwazi, ukitaka kitu kifanyike kipitie kwangu. Kama hilo hujalitengeneza usimlaumu mfanyikazi.

Hatua ya 2: Kabla hujamhukumu, tafuta kinachomshika

Mtu akiwa hafanyi kazi sawa mimi najiuliza maswali manne kwa mpango huu: anajua anachotakiwa? Ana uwezo na vifaa? Kuna kitu kinamzuia? Na mwisho kabisa ndio, je hataki? Sisi huwa tunaanza na la mwisho, tunasema huyu mvivu, tumemaliza.

Nikupe mfano. Kulikuwa na kijana anatoka Matondoni, kijiji cha upande mwingine wa kisiwa, mtu mzuri, lakini anachelewa, anafika saa tatu na wageni wameshakula. Mimi nilikuwa nishamkata moyoni. Alafu nikaanza kuandika kwenye daftari saa anayofika, kila siku, bila kumwambia neno baya, na baada ya mwezi mmoja na kidogo nikaona anachelewa siku tatu nne kufuatana, alafu zaidi ya wiki yuko sawa kabisa, alafu tena siku tatu nne. Uvivu haufuati mpango kama huo. Nilipomuuliza akasema, siku ambazo maji yamekupwa asubuhi boti wanayopanda inakaa kwenye matope na lazima wangojee, au atembee kwa miguu. Hakuwahi kuniambia kwa sababu na yeye ananionea muhali mimi! Tukabadilishana, siku za maji kupwa anaingia saa nne na kutoka jioni, na asubuhi anashika mwenzake anayekaa mtaa wa Langoni, hapa hapa mjini. Haikunigharimu shilingi. Ningemfukuza ningempoteza mtu ambaye leo ndiye anayewafundisha wapya.

Kwa hivo anza na daftari. Tarehe, saa, kilichotokea, basi. Usiandike "ana dharau", andika "Jumanne mgeni ameomba taulo saa kumi, imepelekwa saa moja usiku". Ukiandika ukweli mtupu utaona mambo ambayo hasira haionyeshi.

Hatua ya 3: Mwambie mapema, mwambie nyinyi wawili

Hapa ndipo penye kazi nataka nikae kidogo.

Mapema ni lini? Siku hiyo hiyo au kesho yake, kosa likiwa bado dogo na wewe hujakasirika. Ukiwa umekasirika ngoja mpaka alasiri ipite. Wapi? Si mbele ya wageni, si jikoni wenzake wakisikia, na tafadhali sana si kwenye grupu ya WhatsApp. Mtu ukimkosoa kwenye grupu umemvua nguo mbele ya mji mzima, manake hiyo skrini itapigwa picha kabla ya magharibi. Na usimtume mjombake akamwambie. Wazee tunawaheshimu ila suala la kazi likipita kwa ukoo linageuka suala la ukoo, huwezi kulirudisha tena.

Maneno yenyewe mimi huyapanga ivi: nasema nilichokiona mwenyewe, nasema kimeleta athari gani, nauliza kuna nini, alafu nanyamaza. Kunyamaza ndio kugumu. Sisi tukiona mtu kimya tunakimbilia kumtafutia udhuru sisi wenyewe, "au pengine ulikuwa umechoka eeh?", naye anajibu ndio, mazungumzo yamekwisha na hujajua kitu. Vumilia. Mpe nafasi aseme.

Kumkosoa mtu mkubwa kwako kiumri ni mtihani zaidi. Nahodha wetu ni mtu wa rika la babangu. Wageni walikuwa wanapelekwa kisiwa cha Manda na kurudi bila laifu jaketi, na mimi nilishaona mara mbili nikanyamaza, mara ya tatu nikaogopa, sikulala vizuri. Asubuhi nikamfuata gatini akiwa peke yake.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu, umeamkaje?"

"Nashukuru. Ami, jana boti imerudi na wageni sita, laifu jaketi zote zimefungwa kule mbele. Niliona nikiwa hapa gatini."

"Mwanangu, hii bahari mimi naijua kabla hujazaliwa."

"Kweli ami, na kwenye bahari wewe ndio mwalimu wangu. Lakini wale wageni wengine hata kuogelea hawajui, na likitokea jambo watu watauliza nani alikuwa nahodha. Nataka kila mgeni avae kabla kamba haijafunguliwa. Kuna kitu kinakuzuia?"

Akakaa kimya kitambo. Alafu akasema, zile jaketi zinanuka, kamba zimeoza, mgeni akipewa anakunja uso na matusi napata mimi. Nilikwenda kuziangalia, ni kweli. Tukanunua mpya wiki hiyo, tukakubaliana asiyevaa hapandi, nikaandika tarehe na makubaliano kwenye daftari naye akaona nikiandika. Angalia nilivofanya, adabu yote ameipata, shikamoo, ami, ualimu wake wa bahari, lakini jambo lenyewe sikulipunguza hata kidogo. Watu wanadhani heshima ni kulainisha ujumbe mpaka usisikike.

Hatua ya 4: Mpango wa wiki nne kwa asiyebadilika

Umeshasema mara moja, umeshasema mara mbili, bado. Sasa andika. Karatasi moja inatosha: kitu gani hakiko sawa na mifano miwili mitatu yenye tarehe, kiwe vipi, wewe utamsaidia na nini, mtakaa lini kuangalia, na asipobadilika nini kitafuata. Weka sahihi zenu wote wawili, nakala moja yake.

Kila wiki mkae dakika kumi. Usikose hata wiki moja! Mabosi wengi wanaandika karatasi alafu wanaisahau mpaka siku ya kufukuza, mtu anajua hiyo ilikuwa mtego. Mpishi mmoja tulikuwa naye, shida yake wageni wanangoja chakula cha jioni saa nzima na nusu. Wiki ya kwanza tukagundua anaanza kukuna nazi na kusafisha samaki baada ya oda kuingia. Tukapanga nazi na samaki viwe tayari kabla ya saa kumi na moja, akapewa msaidizi wa saa mbili. Kufika wiki ya tatu chakula kinatoka ndani ya dakika arubaini. Akibadilika, mwambie umeona amebadilika, na uiandike pia, hiyo karatasi isiwe ya mabaya peke yake.

Hatua ya 5: Tabia mbaya ni kesi tofauti na kazi mbovu

Asiyejua anafundishwa. Anayetukana, anayekuja amelewa, anayeondoka kazini bila ruhusa, anayemshika dada wa kufua bila ridhaa yake, huyo si wa mpango wa wiki nne. Kifungu cha 44 cha ile sheria kimetaja makosa makubwa yanayoweza kumwachisha mtu bila notisi, ulevi kazini, matusi, kukataa amri halali ya kazi, kutoroka, wizi au kushukiwa kwa misingi ya kweli. Kuhusu kunyanyasa wasichana nasema wazi, msichana akikujia na malalamiko mpe kiti, funga mlango nusu, andika maneno yake, na usimuulize alikuwa amevaa nini. Wengi wanaacha kazi kimya kimya na sisi tunasema wasichana wa siku hizi hawadumu.

Wizi ndio unaotuvuruga zaidi. Mgeni anasema pesa zimepotea, na macho yote yanamgeukia aliyesafisha rumu. Mimi nilifanya kosa hapa ambalo bado linaniuma. Mgeni alipoteza dola 200, nikamuita dada aliyekuwa akifanya rumu ile, nikamhoji kiwandani wenzake wanasikia, hata mkoba wake nikamwambia aumwage. Kesho yake mgeni akazikuta ndani ya kitabu chake. Nikamuomba msamaha, na kwa sababu nilimdhalilisha mbele ya watu nikamuomba mbele ya watu wale wale. Alinisamehe ila alikaa miezi miwili akaondoka, na simlaumu.

Sasa ninavofanya: naandika anachosema mgeni, tunatafuta naye kwanza rumu nzima, naongea na kila aliyeingia mmoja mmoja kwa maneno yale yale, hakuna anayepekuliwa mwilini, na mgeni akitaka polisi basi ni polisi. Na usikate mshahara kwa hasira. Kifungu cha 19 kinaruhusu kukata kiasi cha haki kwa hasara aliyoileta mtu kwa makusudi, na siku ambayo hakuja kabisa bila ruhusa unaweza kuikata siku hiyo, si zaidi. Glasi iliyoteleza mkononi si makusudi. Mwenye gesti anayekata kila sahani iliyovunjika atakuta sahani zinafichwa, basi, zitavunjika vile vile.

Hatua ya 6: Kinachowafanya watu wapende kuja kazini

Nimejaribu mengi. Ile ya mfanyikazi bora wa mwezi na picha ukutani niliiacha baada ya miezi mitatu, ilileta fitna tu, watu wakaanza kuhesabiana na aliyeshinda akaona haya. Kwetu mtu kusifiwa peke yake mbele ya wenzake si raha kila mara. Kinachofanya kazi ni hivi.

Mshahara siku ile ile kila mwezi. Ukichelewa siku tano kwa miezi miwili mfululizo hakuna hotuba itakayokusaidia. Wageni hawajalipa? Hilo ni lako, si la anayefua shuka.

Tipu ziwe wazi. Sisi tuna sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu na mwingine kwa mtu waliyemchagua wenyewe, linafunguliwa Ijumaa mbili kwa mwezi mbele ya wote, na mlinzi wa usiku anapata sawa na wa rumu manake yeye hakutani na mgeni anayeondoka mchana. Kabla ya sanduku nusu ya ugomvi wa nyumba ulikuwa hapo.

Ratiba ifuate maisha ya watu. Ramadhani tunapanga shifti upya wiki moja kabla ya mwezi kuandama: kazi nzito, kufua, kubeba, kupanda dari, ziishe kabla ya saa sita, na mwenye shifti ya jioni apate nafasi ya kufuturu akiwa ameketi, si amesimama na tende mkononi akingoja kengele ya mgeni. Wenzetu Wakristo wanashika zaidi saa za magharibi mwezi huo, na Krismasi na Pasaka sisi tunawashikia wao. Maulidi mji unajaa wageni na kila mtu anataka kwenda, kwa hivo offu zinagawanywa kwa zamu na zinaandikwa mwezi mzima kabla. Na siku moja ya mapumziko kila siku saba ni sheria, usimfanyie mtu kama hisani.

Advansi weka kanuni moja kwa wote, mfano siku moja ya mwezi na kiwango chake, na pembeni uweke kiasi kwa ajili ya ugonjwa na msiba tu. Bila kanuni anayejua kuomba ndio anayepata, na mwenye haya anaumia.

Alafu msimu mbaya. Kuanzia Aprili mvua za masika, kusi inavuma, bahari chafu, Mei unaweza kukaa na rumu tupu wiki mbili. Hapo ndio mabosi wanaanza kuwaambia watu "kaa nyumbani nitakuita" na kukata nusu mshahara bila kuuliza. Usifanye ivo. Mabadiliko ya masharti ya kazi yanataka mshauriane na yaandikwe. Mimi Januari, pesa zikiwa zinaingia, tunakaa wote na kalenda: likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi 12, tunaipanga nyingi iangukie Mei na Juni kwa makubaliano, na waliobaki wanafanya kazi za nyumba, kupaka chokaa, kushona neti, kupaka mafuta milango. Kijana wa rumu aliyetaka kujifunza upishi tunampa jikoni mwezi huo. Wawili sasa ni wapishi kamili. Na shukrani sema ukiwa na kitu mkononi: "vile ulivomshika yule mama aliyeumwa na tumbo usiku, ukamtafutia daktari bila kuniamsha, nimeona", hiyo mtu anaenda nayo nyumbani.

Hatua ya 7: Ikibidi kuachana

Umefanya yote na haikufaa. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwachisha mtu kwa kazi mbovu au tabia, umueleze sababu kwa lugha anayoielewa, na awe na haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake akisikia, na msikilize majibu yake kabla ya kuamua. Hata yale makosa makubwa ya kufukuza papo hapo, kikao hiki bado kinatakiwa. Kwa hivo barua ya kumwita impe siku mbili tatu ajitayarishe, kikao kiandikwe, na uamuzi utoe kesho yake, si pale pale, manake ukiutoa pale pale inaonekana ulikuja nao mfukoni.

Mtu wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28 kwa maandishi, au umlipe badala yake. Ukiruka haya na akaenda mahakama ya kazi, anaweza kupewa mpaka mishahara ya miezi 12, na ana miaka 3 ya kufungua kesi. Ile karatasi ya wiki nne na daftari lako ndio ushahidi, bila hivyo ni neno lako na lake.

Siku ya mwisho mlipe siku alizofanya na likizo ambayo hajaichukua, mpe cheti cha kazi, ni haki yake hata kama mmekosana. Chukua funguo, mtoe kwenye grupu, badilisha namba za siri za simu ya M-Pesa ya nyumba siku hiyo hiyo. Wenzake waambie sentensi moja, fulani ameacha kazi na kuanzia kesho zamu zake anashika fulani. Watakuuliza zaidi, na mamake ukikutana naye Langoni atakuuliza pia. Msalimie kwanza, mjulie hali, alafu mwambie barua zote mwanao anazo nakala, mimi siwezi kuzisema njiani.

Wiki hiyo hiyo kaa na daftari uangalie kosa la kwanza liliandikwa tarehe ngapi, na wewe ulimwambia tarehe ngapi.